Majivu ya Gandhi Jinja: Hija ya Kihindu Iliyo Karibu na Goma

Tarehe 11 Desemba 2021, mabinti wawili walifika kwenye ukingo wa mto Ganges katika mji wa Haridwar, kaskazini mwa India, wakiwa wamebeba majivu ya baba na mama yao. Baba yao alikuwa Jenerali Bipin Rawat, mtu wa kwanza kushika wadhifa wa mkuu wa majeshi yote ya India. Alikuwa amefariki siku tatu kabla, pamoja na mkewe, katika ajali ya helikopta. Mwili ulichomwa Delhi kwa heshima za kijeshi, kisha majivu yakapelekwa mtoni kama mila inavyotaka.

Jina la Rawat lina historia Goma, mashariki mwa Kongo. Mwaka 2008 na 2009, akiwa bado brigedia, ndiye aliyeongoza kikosi cha Umoja wa Mataifa katika Kivu Kaskazini, wakati wapiganaji wa CNDP wa Laurent Nkunda walipousogelea mji hadi watu wa Kibumba wakashuka barabarani na magodoro kichwani. Alizaliwa Pauri, katika milima ya Garhwal, nchi ile ile ambako Ganges huanzia kwenye barafu. Aliishi maisha ya askari, akazunguka dunia, na mwishowe familia yake ikamrudisha kwenye maji ya kwao.

Kwa watu wa Goma, India ina sura nyingi. Kuna wenye maduka. Kuna madaktari wa jeshi walioendesha hospitali ya Umoja wa Mataifa mjini humo tangu 2005. Kuna askari wa doria wenye magari meupe, ambao kumbukumbu yao ni chungu kwa wengi: mnamo Novemba 2008 raia waliuawa Kiwanja, wasiopungua 150 kwa hesabu ya Human Rights Watch, ilhali kambi ya walinda amani ilikuwa karibu. Na mnamo Julai 2022 huko Butembo, askari polisi wawili kutoka India waliuawa katika maandamano ya kuipinga MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa. Miaka yote hiyo watu hao wameishi jirani na wenyeji, na bado ni wachache waliowahi kuwauliza wanaamini nini, wanasali wapi, na wakifa wangependa kupelekwa wapi.

Yafaa kuanza na jambo moja ambalo mtaani huchanganywa. Si kila Mhindi anafuata dini ya Kihindu. Wenye asili ya India waliotapakaa Afrika Mashariki ni pamoja na Waislamu wa Ismailia na Bohora, Makalasinga, Wajaini na Wakatoliki wa Goa. Wahindu ni kundi mojawapo, ingawa katika India yenyewe ndio wengi kuliko wote, na ndio ambao hija yao huelekea sana kwenye maji.

Mhindu hana mji mmoja ambao lazima aende, kama vile Makka kwa Mwislamu. Ana maelfu ya mahali pa kwenda: milima, mapango, miji ya mahekalu, na zaidi ya yote mito. Varanasi, juu ya Ganges, ndipo wazee huenda kungojea kifo chao, kwa imani kwamba anayefia hapo hukatika katika mzunguko wa kuzaliwa tena na tena. Prayagraj, mji uliojulikana kwa jina la Allahabad hadi 2018, ni pahali Ganges na Yamuna zinapokutana, na waumini wanasema mto wa tatu usioonekana, Saraswati, nao huungana nayo hapo. Kati ya Januari na Februari 2025 sherehe ya Kumbh Mela ilifanyika Prayagraj, na serikali ya jimbo ikatangaza kwamba watu walioingia majini katika wiki hizo sita walifika zaidi ya milioni 660, hesabu ambayo huenda iliwahesabu wengi zaidi ya mara moja. Usiku mmoja msongamano uliua makumi ya watu. Kesho yake foleni za kwenda mtoni ziliendelea.

Mito inapokutana, thamani ya maji huzidi. Ni wazo la kushikilia, kwa sababu litarudi karibu na nyumbani.

Kwa mtu wa Goma, Varanasi ni mbali: pasipoti, viza, ndege, na nauli ambayo mwalimu au mwenye duka dogo hawezi kuitoa. Lakini iko sehemu ambayo Wahindu wa dunia nzima huijia kwa heshima, na mtu anaweza kuifikia kwa basi. Ni Jinja, nchini Uganda, pale Mto Naili unapotoka Ziwa Victoria.

Mohandas Gandhi aliuawa kwa risasi Delhi jioni ya tarehe 30 Januari 1948. Kesho yake alichomwa kando ya Yamuna. Kwa desturi, majivu ya mtu hutiwa mto mmoja. Ya Gandhi yaligawanywa katika vyombo vingi yakapelekwa sehemu mbalimbali, ili watu wa kila upande wapate kumuaga. Sehemu kubwa ilitiwa majini Prayagraj tarehe 12 Februari. Sehemu nyingine ikavuka bahari, na katika mwaka huo huo wa 1948 majivu yake yakatiwa katika Naili hapo Jinja.

Kwa nini Afrika, na kwa nini Jinja? Sehemu ya jibu iko katika maisha yake mwenyewe. Gandhi aliondoka India kwenda Afrika Kusini mwaka 1893 akiwa wakili kijana wa miaka 23, akakaa huko, kwa kwenda na kurudi, hadi 1914. Bandari yake ya kwanza ya Afrika haikuwa Durban. Ilikuwa Lamu. Mwenyewe amesimulia katika kitabu cha maisha yake jinsi meli ilivyotia nanga hapo baada ya siku kama kumi na tatu, jinsi alivyoteremka kuutazama mji akawakuta Wahindi wakifanya kazi katika posta, na jinsi alivyokaribia kuachwa kwa sababu mawimbi yaliizuia mashua iliyokuwa ikimrudisha melini. Kutoka hapo akapita Mombasa, akakaa Zanzibar siku kadhaa akingojea meli nyingine. Uswahilini ndiko alikoanza kuiona Afrika.

Sehemu nyingine ya jibu ni Wahindi wa Uganda. Reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901, ilileta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India. Wengi wao walirudi kwao, wengine walikufa kwa maradhi na simba, na baada yao wakaja wafanyabiashara waliofungua maduka hadi vijijini. Jinja ulikuwa mji wao zaidi kuliko miji mingine mingi: pamba, viwanda, na mashamba ya miwa ya Kakira, ambako Muljibhai Madhvani alifungua kiwanda cha sukari mwaka 1930. Upande wa pili wa mto, Lugazi, Nanji Kalidas Mehta alikuwa ametangulia na kiwanda chake mwaka 1924.

Huyu Mehta anastahili kuzungumziwa kidogo. Alitoka karibu na Porbandar, mji wa pwani ya Gujarat alikozaliwa Gandhi. Alikuja Afrika Mashariki akiwa kijana, akauza bidhaa ndogo ndogo, akaishia kuwa tajiri wa sukari. Utajiri huo ndio uliojenga Kirti Mandir, jengo la kumbukumbu lililounganishwa na nyumba aliyozaliwa Gandhi, lililofunguliwa mwaka 1950 na Sardar Patel. Mnara wake una urefu wa futi 79, moja kwa kila mwaka ambao Gandhi aliishi ukihesabu na ule aliokuwa ameuanza. Leo mabasi ya wageni humiminika Porbandar kutoka pande zote za India kuiona nyumba hiyo. Watu wa Afrika Mashariki wana haki ya kujua kwamba jasho la mashamba ya miwa ya Uganda limo katika mawe yale, na hapa jasho la kukumbukwa si la mwenye kiwanda peke yake, ni pamoja na la wakata miwa ambao majina yao hayakuchongwa popote.

Kisha ikaja Agosti 1972. Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka. Maduka ya Jinja yakafungwa, nyumba za ghorofa zenye majina ya Kigujarati na miaka ya kujengwa kwake zikabaki bila wenyewe. Mji uliosifika kwa viwanda ukadumaa kwa muda mrefu. Chini ya serikali ya Yoweri Museveni baadhi ya familia zilirudi na kudai mali zao, na wa Kakira wakaanza tena kusaga miwa. Mwaka 1997 Waziri Mkuu wa India, I. K. Gujral, alifika Jinja na kuzindua sanamu ya kichwa na mabega ya Gandhi pale pale kando ya mto.

Njia ya kutoka Goma inajulikana na kila mwenye lori la mizigo. Ni Kibumba, Rutshuru, mpaka wa Bunagana, Kisoro, kisha milima ya Kabale yenye kona zisizokwisha, Mbarara, Masaka, Kampala, na kilomita nyingine 80 kuelekea mashariki. Jumla ni zaidi ya kilomita 600. Bunagana imekuwa mikononi mwa waasi wa M23 tangu Juni 2022, na Goma yenyewe tangu Januari 2025, kwa hiyo hakuna anayeweza kuandika kwa hakika ni mpaka upi utakaokuwa wazi wiki ijayo. Wengine huzunguka kupitia Gisenyi, Musanze na Cyanika. Ambaye ana safari aulize kwanza madereva wanaotoka huko, maana ndio wenye habari za leo.

Anayeingia Jinja kutoka Kampala huvuka daraja la nyaya lililofunguliwa Oktoba 2018, na mto uko chini yake, mpana na wa kijani. Bustani za Chanzo cha Naili ziko ng'ambo, upande wa mjini. Mgeni hulipa kiingilio getini, anateremka kati ya miti na vibanda vya wauza vinyago, na kabla ya kufika majini anamkuta Gandhi. Hakuna hekalu hapo. Hakuna kuhani wa kudumu. Kuna sanamu, maua ambayo mtu ameyaweka, maandishi yanayoeleza kwamba majivu yalitiwa hapa, na mto. Familia za Kihindu kutoka Kampala, Nairobi, Leicester au Ahmedabad husimama hapo, wengine wakivua viatu, wengine wakiunganisha viganja kifuani kwa dua fupi. Halafu huchukua boti hadi pale maji ya ziwa yanapoanza kwenda kwa mwendo wa mto. Waongozaji huwaeleza abiria kwamba tone linaloondoka hapo huchukua kama miezi mitatu kufika Bahari ya Mediterania.

Ukimya wa pale unaweza kumhuzunisha aliyetarajia kengele na ubani. Lakini ndivyo hija nyingi za Kihindu zilivyo katika asili yake: pahali ni mto wenyewe, na jengo huja baadaye kama likija.

Mto huu ulikuwa mtakatifu kabla ya kuja kwa mtu yeyote wa ng'ambo. Wasoga huuita Kiyira, na kilomita chache chini ya Jinja palikuwa na maporomoko ya Bujagali, makao ya roho ya Budhagaali ambayo mtumishi wake huheshimiwa kizazi hadi kizazi. Maporomoko ya Ripon, yale ambayo John Hanning Speke aliyaona tarehe 28 Julai 1862 na kuyapa jina la Mwingereza, yalizama bwawa la Owen Falls lilipokamilika mwaka 1954. Bujagali nayo ikazama, bwawa la megawati 250 lilipoanza kazi mwaka 2012. Kabla ya hapo zilifanyika sherehe za kuwaomba wakubwa wa mto wahame, na wazee wakagombana kama roho imekubali au haikukubali. Mgeni anayepiga magoti kwa Gandhi bila kuuliza habari za Budhagaali ameiona nusu ya pahali. India, maporomoko yenye heshima kama ile yangepata walinzi wengi zaidi. Uganda, yalipewa kibao cha kumbukumbu na umeme.

Kuna uzi mwingine unaounganisha mto huu na vitabu vya Kihindu, na unapita Zanzibar. Mwaka 1860, Speke alipokuwa akijiandaa kwa safari yake, konseli wa Uingereza huko Unguja, Kanali Rigby, alimpa karatasi yenye ramani. Iliandikwa na Francis Wilford, ofisa wa jeshi la Waingereza aliyeishi Varanasi, ambaye mwaka 1792 alikuwa amechapisha makala akidai kwamba Purana, vitabu vya kale vya Kihindu, vinaeleza chanzo cha Naili na Milima ya Mwezi. Speke alifurahi mno. Aliona kwamba wafanyabiashara wa India walizijua nchi za ndani za Afrika kabla ya Wazungu wote. Kumbe Wilford alikuwa ameshakiri, miaka mingi kabla, kwamba msomi wa Kihindu aliyekuwa akimtafutia maandiko alibadili majina na kutunga hadithi ili kumpendeza. Hata hivyo ramani ya uongo ilimtia moyo mtu aliyekuwa njiani kuelekea pahali pa kweli. Na Milima ya Mwezi, kwa wengi leo, ni Ruwenzori: milima yenye theluji ambayo mtu wa Beni huiona asubuhi wingu likiondoka.

Hapo ndipo mito inapokutana tena.

Mvua inayonyesha juu ya paa za Goma huingia Ziwa Kivu, hutoka kwa Ruzizi hadi Tanganyika, na kwa Lukuga hufika mto Kongo na Atlantiki. Lakini mvua inayonyesha nyuma ya volkano ya Nyiragongo, upande wa Rutshuru, ina safari nyingine. Mto Rutshuru huipeleka Ziwa Edward. Semliki huitoa huko, ikakusanya maji ya theluji ya Ruwenzori, ikaimwaga Ziwa Albert. Na kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Albert ndipo huingia Naili inayotoka Jinja, baada ya kupita Ziwa Kyoga na maporomoko ya Murchison. Wataalamu wa miamba wanasema hata Ziwa Kivu lenyewe zamani lilitiririkia kaskazini, hadi volkano za Virunga zilipoziba njia. Kwa hiyo majivu yaliyotiwa Jinja mwaka 1948 yalikutana na maji ya Kivu Kaskazini kabla ya kuingia Sudan. Mhindu wa Prayagraj akielezwa ramani hii ataielewa mara moja, na hatahitaji kuambiwa kwa nini mahali hapo pana uzito.

Hata volkano angezielewa. Katika imani ya kale ya kubandwa, iliyoenea pande zote za Virunga, roho za waliomtii Ryangombe, mkuu wa imani hiyo, huenda kukaa naye juu ya mlima, na Nyiragongo ni moto wa wale waliokataa. Wahindu nao wana Kailash, mlima wa Tibet ambao ni makao ya Shiva, unaozungukwa kwa miguu kilomita kama 52 na ambao mahujaji hawaukwei. Wana pia hekalu la Jwalamukhi huko Himachal, ambako ndimi ndogo za moto wa gesi hutoka katika mwamba na huabudiwa kama mungu wa kike. Mtu aliyelala Goma usiku wa tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka na anga likawa jekundu, hawezi kushangaa kwamba binadamu husujudu mbele ya moto utokao ardhini.

Haifai kumzungumzia Gandhi Afrika bila kutaja ubishi. Katika miaka yake ya mwanzo Afrika Kusini aliandika maneno ya dharau juu ya Waafrika weusi, akitaka Wahindi wasiwekwe daraja moja nao. Maneno hayo yapo, yamechapishwa, na hayana utetezi. Ndiyo sababu wahadhiri na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ghana walidai sanamu yake iondolewe, ikaondolewa Desemba 2018. Wanaomtetea huonyesha jinsi alivyobadilika, na jinsi viongozi kama Nyerere, Kaunda na Luthuli walivyochota kwake mbinu ya kupigana bila silaha. Mwafrika anayesimama Jinja ana haki ya kubeba yote mawili. Katika mkoa ambao watoto wamekua wakisikia milio ya bunduki kwa miaka 30, swali la kama inawezekana kushinda bila kuua halijapitwa na wakati, hata kama aliyeliuliza alikuwa na dosari kubwa.

Anayetaka kuona ibada yenyewe asiishie mtoni. Jinja, na zaidi Kampala, kuna mahekalu ya Kihindu, na mgeni mwenye adabu kwa kawaida hupokelewa. Anavua viatu mlangoni. Haingii na nyama wala pombe. Anauliza kabla ya kupiga picha, na akikuta saa ya aarti, taa zinapozungushwa mbele ya sanamu za miungu, anasimama kando kwa utulivu. Akipewa prasad, chakula kilichobarikiwa, mara nyingi kitu kitamu au tunda, anakipokea kwa mkono wa kulia na kukila, maana kukikataa ni kukataa ukarimu wa nyumba.

Mnamo Julai 2018 Waziri Mkuu Narendra Modi aliliambia bunge la Uganda kwamba India itajenga kituo cha urithi wa Gandhi hapo Jinja. Kwa anayepanga safari, siku nzuri ya kwenda ni tarehe 2 Oktoba, siku aliyozaliwa Gandhi, ambayo tangu 2007 Umoja wa Mataifa huiadhimisha kama Siku ya Kimataifa ya Kutotumia Nguvu. Siku hiyo mabalozi na familia za Kihindu huja na mashada, na hotuba huwa ndefu. Anayependa kukaa na mto peke yake aende siku nyingine, mapema, kabla boti hazijaanza kazi.